Nick Foles: deiwaka aliyepewa gari mlimani akalifikisha stendi (uzi mrefu, chukua kahawa)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari za saa hizi. Jana kwenye uzi mwingine kuna mdau kasema kwotabeki wa akiba kule NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) ndo mwenye kazi rahisi kuliko wote duniani, unavaa kofia, unashika tableti, unavuta mamilioni na suruali haichafuki. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa linarefuka tu, nikaona isiwe tabu nifungue uzi.

Wa daladala mnamjua deiwaka, yule anayeachiwa gari masaa mawili dereva mwenye gari akienda kula. Sasa leo nawaletea deiwaka aliyeachiwa gari mwezi Desemba likiwa katikati ya mlima, limejaa abiria, dereva kavunjika mguu, na kila aliyekuwemo ndani anamuangalia yeye.

Kwa msiofuatilia huu mchezo, kwa haraka: kwotabeki ndo anayepokea mpira kila mchezo unapoanza (mchezo hapa ni shambulizi moja, siyo mechi nzima), anaamua aurushe, ampe mwenzie akimbie nao au atoke nduki mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapata mengine, ikifeli mpira ni wa wapinzani. Nafasi nyingine wanapokezana sana, kwotabeki hapana, ni mmoja mpaka kipenga cha mwisho labda aumie au aboronge vibaya. Kwa hiyo wa pili yake anaweza maliza msimu mzima hajarusha hata mpira mmoja. Mfikirie kipa namba mbili, ila kipa ambaye huyohuyo ndo anapanga mashambulizi.

Na hiyo wiki nzima mazoezini anafanya nini? Anaigiza wakuu. Timu ikijiandaa kucheza na kwotabeki nguli Tom Brady basi yeye ndo Brady wa wiki hiyo, kocha ananyanyua kadi imechorwa mchezo wa wapinzani, jamaa anaisoma sekunde kadhaa, anausukuma ule mchezo dhidi ya mabeki wa timu yake ili WAO wajiandae. Michezo ya timu yake mwenyewe hapati kuifanyia mazoezi, karibu yote inaenda kwa namba moja. Halafu siku namba moja akivunjika unaambiwa haya kaka vaa helmeti, watu elfu 70 wanapiga kelele, ingia ukacheze vitu ambavyo umevisoma tu kwenye daftari.

Narudi na safari ya Foles mwenyewe, nipeni dakika.

#2 Mchangiaji

Weka nyama mkuu, nimekaa paleee.

#3 Mwanzisha uzi

Haya tuendelee.

Foles ni mtu wa Austin, Texas, alisoma Westlake, shule ileile aliyotoka kwotabeki mwingine mkubwa, Drew Brees. Chuo kaanzia Michigan State akahamia Arizona. Drafti (pale timu zinapopokezana kuchagua wachezaji wapya) ya 2012 Philadelphia Eagles wanamchukua raundi ya tatu, namba 88, kocha akiwa Andy Reid (huyu Reid mshikeni atarudi). Mwaka unaofuata Reid hayupo, kaja Chip Kelly, Foles anaanza msimu benchi nyuma ya Michael Vick. Vick anaumia, Foles anaingia, na hapo ndo watu wakachanganyikiwa: msimu ule wa 2013 katupia pasi za tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ndo goli lao) 27 na wapinzani wamezinasa pasi zake mara 2 tu. Mbili! Mwezi Novemba kule Oakland katupia saba ndani ya mechi moja, rekodi ambayo unaifikia tu, hakuna aliyewahi fika nane.

Wote tukasema kiti kimepata mwenyewe. Wapi. 2014 kavunjika mtulinga. Machi 2015 Eagles wakambadilisha na Sam Bradford wa St. Louis Rams (na Bradford naye mshikeni, huu uzi kila mtu anarudi). Rams wakampa Foles mkataba mpya, kabla msimu haujaisha wameshamuweka benchi na kumuingiza Case Keenum. 2016 wakamchukua kwotabeki Jared Goff namba moja ya drafti, Foles akaomba aachwe, wakamuacha mwezi Julai.

Hapo jamaa ana miaka 27 na alikuwa kashaamua kuacha mpira, kasema mwenyewe hadharani baadaye kwamba mapenzi na mchezo yalikuwa yamekata. Simu ikaja toka kwa Andy Reid, sasa yuko Kansas City: njoo ukae nyuma ya Alex Smith. Akaenda. Kaanza mechi moja tu msimu mzima na kaingia nyingine Smith alipoumia, zote wakashinda. Mimi naona huo mwaka ndo uliomfanya, maana 2013 alikuwa staa wa bahati, Kansas City ndo alijifunza kuwa wa akiba kama KAZI, siyo kama adhabu.

2017 akarudi Philadelphia kama namba mbili wa Carson Wentz.

#4 Mchangiaji

Mkuu samahani, Eagles ya 2017 ilikuwa moto, wana ushindi 10 na kufungwa 2 Wentz anaumia, hata mimi ningewekwa pale ningebeba. Tusimpe mtu sifa za gari bovu wakati gari lilikuwa jipya.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu wa #4 nilijua utakuja 😂 Ngoja.

Tarehe 10 Desemba 2017, Los Angeles, wanacheza na haohao Rams waliomtema Foles (walishahama St. Louis). Wentz anajirusha kuingia eneo la tachidauni, mabeki wawili wanambana, goti linaachia. Alibaki akacheza michezo mingine minne na goti hilohilo akarusha tachidauni ndo akatoka. Wentz alikuwa na tachidauni 33 msimu huo, mji mzima umeshamvisha taji la mchezaji bora wa ligi. Foles kaingia, wakamaliza kazi 43 kwa 35.

Sasa kilichofuata wengi mmesahau. Alicheza vizuri na Giants, halafu usiku wa Krismasi na Raiders akaharibu, pasi 19 zimefika kati ya 38, mechi wameiokoa mabeki. Mechi ya mwisho na Cowboys akacheza kidogo katolewa, timu imefungwa 6 kwa 0. Kwa hiyo Eagles waliingia mtoano wakiwa namba moja upande wao, wako nyumbani, na bado wacheza kamari wote wakawapa Atlanta ushindi. Ndo maana baada ya kuwatoa Atlanta 15 kwa 10 wachezaji wa Eagles Lane Johnson na Chris Long wakavaa vinyago vya mbwa uwanjani (Kiingereza anayetegemewa kufungwa anaitwa underdog), yaani sisi si mmetuita mbwa, haya tunabweka. Wiki ileile vinyago vikaanza kutafutwa mjini kama vocha.

Na huyo aliyekuwa dereva wa gari jipya ndo huyo aliyekuwa anarusha 19 kwa 38. Gari jipya mlimani bila dereva ni jeneza mkuu.

Nini kilibadilika? Hapa ndo penye utamu kwangu. Kocha mkuu Doug Pederson, kabla hajawa kocha alikuwa nani? KWOTABEKI WA AKIBA. Amekaa nyuma ya Dan Marino Miami, amekaa nyuma ya Brett Favre Green Bay miaka kadhaa, na 1999 Eagles hawahawa walimpa kiti miezi miwili wakati wanampika kijana wao Donovan McNabb, McNabb alipoiva Pederson akarudishwa benchi. Msaidizi wake wa mashambulizi alikuwa Frank Reich. Na Reich ni nani? Kwotabeki wa akiba! Nyuma ya Jim Kelly pale Buffalo, ndo yule ambaye Januari 1993 Kelly akiwa majeruhi aliingia, Bills wakachapwa mpaka 35 kwa 3 na Houston Oilers, na wakashinda 41 kwa 38 muda wa nyongeza. Kwa miaka karibu 30 hakuna timu iliyowahi kurudi toka nyuma kiasi kile.

Sasa hebu ona, deiwaka kaachiwa gari halafu tajiri mwenye gari na fundi wake wote wawili walishawahi kuwa madeiwaka. Kocha mwingine angemlazimisha Foles acheze kama Wentz, kukimbia kimbia, kukwepa watu. Hawa wakakaa wakaangalia jamaa anapenda nini tangu enzi za Chip Kelly, wakamuwekea pasi za haraka na ile michezo ya kumchungulia beki mmoja, beki akikaa unampa mkimbiaji, beki akitoka unarusha nyuma yake. Hawakuongeza kitu, walipunguza.

Matokeo: fainali ya NFC (ndo huo upande wao, nusu ya ligi) na Minnesota, 38 kwa 7. Yadi 352, tachidauni tatu. Na kwotabeki wa Minnesota siku hiyo alikuwa nani wakuu? Case Keenum! Yuleyule aliyemng'oa kwenye kiti St. Louis. Na Keenum alikuwa anacheza sababu aliyekuwa namba moja wao kaumia goti, naye ni nani? SAM BRADFORD. Yule aliyebadilishwa na Foles. Mtu akiniletea hii kama tamthilia namwambia umezidisha.

#6 Mchangiaji

Dah subiri, Bradford alifikaje Minnesota tena?

#7 Mwanzisha uzi

Eagles ndo waliwauzia, Septemba 2016, kwotabeki wa Vikings Teddy Bridgewater kaumia goti mazoezini siku chache kabla ya msimu, wakakimbilia Bradford na wakalipa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya drafti inayofuata. Eagles wakaitumia hiyo nafasi kumchukua Derek Barnett. Weka kumbukumbu ya jina.

#8 Mchangiaji

Twende Super Bowl, fainali yenyewe ya ligi, boss, tumengoja vya kutosha.

#9 Mwanzisha uzi

Tarehe 4 Februari 2018, Minneapolis, Patriots wa kocha Belichick na Brady. Hapa niingize na yangu kidogo maana nilikuwa kazini.

Nilikuwa nafanya kazi nyumba moja ya wazee nje kidogo ya Philadelphia, na usiku ule haikuwa zamu yangu, jamaa mmoja aliniomba nimshikie akaangalie mechi kwa shemeji yake. Deiwaka na mimi. Kulikuwa na mzee mmoja, shabiki wa Eagles tangu kabla ya ule ubingwa wa 1960, ubingwa wa mwisho waliokuwa wameupata mpaka usiku ule, Super Bowl yenyewe ilikuwa haijaanza kuchezwa. Huyu mzee tangu Desemba alikuwa hataki kulitamka jina la Foles. Anasema "yule namba tisa". Ukimwambia Foles kacheza vizuri anageuza uso ukutani anakuambia Wentz angerusha ile mapema zaidi.

Mechi inaendelea, mimi namlisha, yeye hatafuni, kijiko kinangoja mdomoni. Robo ya pili Patriots wakafanya mchezo wa kumrushia Brady mwenyewe pasi, Brady yuko peke yake, mpira ukamgonga vidole ukaanguka. Mzee akacheka mpaka bomba la oksijeni likachomoka puani, nikalirudisha.

Dakika chache baadaye, sekunde 38 kabla ya mapumziko, Eagles wanaongoza 15 kwa 12, wako yadi moja toka mstari, jaribio la NNE. Kila mtu angeupiga mpira kwa mguu katikati ya nguzo achukue pointi tatu za uhakika. Foles anamfuata Pederson pembeni anamuuliza, unaitaka ile Philly Philly? Pederson kanyamaza kidogo, akasema twende nayo. Yaani deiwaka ndo kamuuliza tajiri tupite njia ya mkato!

Foles anasimama kama kawaida, halafu anatembea kwenda mbele kama anawasemesha wenzie jambo, mpira unapita pembeni yake kwenda kwa Corey Clement, Clement anamtupia Trey Burton anayepishana naye, na Burton aliwahi kuwa kwotabeki zamani, na Foles kashajichomoa kimyakimya kulia hakuna hata beki mmoja anayemtazama. Burton kamrushia taratibu kama mtu anayerusha mtoto funguo. Foles kadaka. Mchezo uleule ambao Brady kauangusha.

Mzee alinishika kifundo cha mkono na zile kucha zake, hakupiga kelele, kasema tu "Foles". Mara moja. Uji wote uko kwenye shuka.

Mwisho mnaujua: Brady karusha yadi 505 na bado wakafungwa. Foles pasi 28 kati ya 43, yadi 373, tachidauni tatu za kurusha na moja ya kudaka, mtu wa kwanza kurusha na kudaka tachidauni ndani ya Super Bowl. Dakika mbili na kitu zimebaki kampa Zach Ertz tachidauni ya kuongoza. Brady anapewa mpira, muda upo, sote tunajua Brady akipewa muda inakuaje. Brandon Graham wa Eagles akampiga mkono, mpira ukadondoka, na aliyeuokota chini ni nani? DEREK BARNETT. Yule aliyepatikana kwa kumuuza Bradford, Bradford aliyepatikana kwa kumtoa Foles. 41 kwa 33. Foles mchezaji bora wa fainali.

Mji haukulala. Fainali ile ya NFC polisi walipaka nguzo za taa mafuta ya kupikia ili watu wasipande, watu wakapanda hivyohivyo. Jamaa niliyemshikia zamu hakuja asubuhi, nilikaa mpaka saa sita mchana nikipokea simu za samahani.

#10 Mchangiaji

Mkuu umeniliza na huo uji. Ila mimi niulize la hela, kwanini baada ya hapo asingekuwa namba moja moja kwa moja mahali?

#11 Mwanzisha uzi

Alijaribiwa. 2018 kabaki Philadelphia, Wentz kaumia tena mgongo mwishoni mwa msimu, Foles kaingia kashinda tatu mfululizo, mojawapo na Houston yadi 471, rekodi ya klabu. Mtoano wakawatoa Chicago 16 kwa 15, mkwaju wa mwisho wa hao Chicago ukagonga nguzo ukagonga na mti wa chini ukarudi. Mtu ana nyota huyu.

Februari 2019 Eagles wakataka kumshikilia kwa dola milioni 20 kwa mwaka, akawalipa milioni 2 zake mwenyewe ili awe huru. Kasomeni tena hiyo sentensi. Jacksonville wakampa miaka minne ya milioni 88, zaidi ya 50 ni za uhakika. Sasa hapo yeye ndo mwenye gari. Mechi ya kwanza kabisa, robo ya kwanza, karusha tachidauni nzuri ya yadi 35, na wakati anaachia mpira kaangukiwa na pande la mtu, mtulinga umevunjika. Akaingia kijana wa raundi ya sita, Gardner Minshew, na masharubu yake, mji ukampenda. Foles karudi Novemba, akafungwa, akatolewa mapumziko, Minshew tena. Mechi nne alizoanza Jacksonville hakushinda hata moja.

Halafu Chicago 2020, anaanza benchi, wiki ya tatu kule Atlanta kaingizwa timu iko nyuma 26 kwa 10 wakashinda 30 kwa 26. Wakampa kiti, kikamponyoka. Desemba 2021 namba tatu kwa foleni, wawili wa mbele hawapo, katolewa stoo kupelekwa Seattle kwenye theluji, 25 kwa 24 kashinda. Mnaona lakini? Akiitwa ghafla anashinda, akikabidhiwa funguo gari linazima.

Wengine wanasema ni bahati. Mimi nasema zile ni kazi mbili tofauti. Namba moja timu zinakaa miezi sita zinakuchambua, deiwaka hakuna aliyejiandaa na wewe, na Foles alikuwa na kitu kimoja adimu, haogopi kurusha juu akaamini mtu wake ataudaka. Wiki nne hiyo ni dawa, wiki 16 inageuka sumu.

#12 Mchangiaji

Kwa hiyo bora huyu wa mdau wa jana anayevaa kofia tu 😂

#13 Mwanzisha uzi

Hao nao wapo na siwabezi. Chase Daniel kakaa NFL zaidi ya miaka 10, kaanza mechi TANO tu, kaondoka na zaidi ya dola milioni 40. Ila ukimsikiliza akichambua mabeki unaelewa walichokuwa wanalipia, ni kocha aliyevaa jezi. Upande wa pili kuna Josh Johnson, kapita timu 14, anapigiwa simu Jumanne Jumapili anacheza, huyo suruali yake imechafuka miji yote ya Marekani.

Na mdau wa jana aende akawaulize San Francisco. Januari 2023, fainali ya NFC hapohapo Philadelphia, walikuwa wameshaumiza wawili, wanaendeshwa na wa tatu Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kwenye drafti namba 262. Purdy kaumia kiwiko, kaingia huyohuyo Josh Johnson, Johnson kagonga kichwa katolewa, ikabidi Purdy arudi na mkono usiorusha. Wamefungwa 31 kwa 7. Ligi miezi michache baadaye ikarudisha sheria ya kuruhusu kwotabeki wa tatu wa dharura bila kula nafasi ya mchezaji mwingine. Yaani kwa mechi MOJA wakabadilisha sheria, halafu mtu anasema hawa watu hawana kazi.

#14 Mchangiaji

Foles mwenyewe yuko wapi sasa?

#15 Mwanzisha uzi

Kastaafu 2024. Mwaka wake wa mwisho uwanjani ulikuwa 2022 Indianapolis, nadhani mmeshabahatisha nani alimuita: Frank Reich, aliyekuwa kocha mkuu pale. Reich mwenyewe akafukuzwa Novemba, Foles akabaki kwenye timu inayozama, mbavu zikaumizwa na Giants siku ya mwaka mpya, basi.

Septemba 2024 Eagles walimualika wakamuaga rasmi kwenye mechi na Atlanta. Nje ya ule uwanja kuna sanamu, yeye na Pederson wamesimama pembeni ya uwanja, ni ile sekunde anamuuliza. Wentz aliyewafikisha 11 kwa 2 hayupo pale.

Yule mzee alishatangulia, 2019. Wanawe walipokuja kuchukua vitu vyake kulikuwa na kofia ya kijani kabatini imeandikwa 11, namba ya Wentz. Ndani ya kofia, kwenye ule mkanda wa jasho, kwa peni, mkono wa mtu anayetetemeka, kaandika 9.

Maswali leteni, kesho niko zamu ya usiku ntajibu.